Kesi ya Kuku na Vitabu vya Wachungaji

Jioni hii nazungumza nawe nikiwa Same, mji ambao upepo wake haubishi hodi, na ambao wengi wanaokwenda Moshi au Arusha kutoka Dar es Salaam huupita, hata kama hawana haja ya kushuka.

Juzi nilikuwa ndani ya basi moja la njia hiyo. Tulipoiacha Mkomazi tukaikaribia Hedaru, milima ikitusindikiza upande wa kulia, kijana mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Jamani, tumeingia kwa Wapare, kila mtu ashike pochi yake!" Mwenzake akadakia kwa ule utani unaoujua wewe na anaoujua kila Mtanzania, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Basi zima likaangua kicheko. Mimi ni Mpare, na nilicheka pia, maana mtani hanuniwi. Mzee niliyeketi naye kiti kimoja hakucheka. Alitazama nje dirishani mpaka kelele zikatulia, kisha akaniambia polepole: "Mwanangu, kesi ile haikuwa ya kuku. Ilikuwa ya nani kasema kuku ni wake."

Neno hilo lilinishika. Nilishuka Same nalo, nikalala nalo. Kwa sababu sisi watu wa milima hii tumesemewa tangu zamani, na kabla ya watani wa kwenye basi, waliotusemea kwa maandishi, kwa wino, kwa jalada gumu, walikuwa wachungaji. Basi leo nataka tuvitazame vitabu vya wachungaji hao: walisema nini juu yetu, walimwambia nani, na sisi tuvifanye nini.

Lakini kabla hatujapanda mlimani, niruhusu nikuvushe bahari kwa dakika chache. Yuko mchungaji mmoja wa zamani sana ambaye atatusaidia kuwaelewa hawa wa kwetu.

Huyo ni Jonathan Swift wa Ireland. Alizaliwa Dublin mwaka 1667, na kuanzia 1713 hadi alipofariki 1745 alikuwa mkuu wa makasisi katika kanisa la Mtakatifu Patrick mjini humo. Huenda jina lake huna habari nalo, lakini kitabu chake kimepita mikononi mwa wazee wetu. Ni Safari za Gulliver, kilichotoka London mwaka 1726. Frederick Johnson, yule katibu wa kamati iliyosanifisha Kiswahili, alikifasiri, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1932. Wengi waliosoma enzi za mkoloni wanamkumbuka Gulliver akiamka ufukweni amefungwa kwa nyuzi na watu wadogo kama vidole.

Wengi tulidhani ni hadithi ya watoto. Kumbe mchungaji yule alikuwa anawapiga vijembe wakubwa wa nchi yake. Katika nchi ya wale watu wadogo, falme mbili zinapigana vita visivyokwisha, na chanzo cha vita ni yai: lipasuliwe upande wa ncha nene au upande wa ncha nyembamba? Swift alikuwa mtu wa kanisa, na aliyekuwa akiwacheka ni watu wa makanisa. Alikuwa anasema: tazameni jinsi tunavyochinjana kwa mambo ya yai.

Na hakuishia kwenye hadithi. Mwaka 1724 Waingereza walitaka kuwajazia Waireland sarafu za shaba ambazo watu waliamini hazina thamani. Swift akaandika barua, akazitia sahihi ya uongo kama mwuza vitambaa wa Dublin, akiwaambia wananchi wazikatae. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Mji mzima ulimjua. Hakuna aliyefungua kinywa. Sarafu zile zikaondolewa.

Miaka mitano baadaye, 1729, aliandika kijitabu kinachopendekeza, kwa utulivu wa mhasibu, kwamba maskini wa Ireland wawauze watoto wao wachanga kwa matajiri wawe kitoweo. Msomaji wa mbali angesema: loo, hawa watu wanakula watoto! Lakini msomaji wa Dublin alielewa. Mchungaji alikuwa anawaambia wenye mashamba: ninyi mmekwisha kuwala wazazi, sasa mnashangaa nini?

Nimekupitisha huko kwa sababu moja. Swift aliandika juu ya watu wake, kwa lugha yao, na kitabu kikasomwa na walewale waliotajwa ndani yake. Aliyecheka na aliyechekwa walikutana sokoni kesho yake. Kukiwa na kosa, aliyetajwa angelalamika. Kijembe kikiwa kikali, kilimchoma anayestahili. Ushike hilo, msikilizaji, twende nalo Mbaga, kwenye milima ya Upare.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani, milima ya Upare iligawiwa misheni mbili. Walutheri wa Leipzig, ambao walikuwa Kilimanjaro tangu 1893, walishuka Usangi upande wa kaskazini, kisha wakaja kusini, Mbaga na Gonja. Wasabato walifika mwishoni mwa 1903. Wamisionari wao wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walianzia Giti, huku kusini, wakapaita mahali pale Bonde la Amani kwa Kijerumani. Baadaye wakaenea Kihurio, Vunta, Mamba na Suji. Ukizaliwa huku unajua ramani hiyo bila kufundishwa. Kijiji hiki Jumamosi kimenyamaza kwa ibada, kijiji cha pili Jumamosi hiyohiyo kiko shambani kinapalilia tangawizi. Na katikati yao, hasa mabondeni na huko Usangi, wako ndugu zetu Waislamu wanaoswali Ijumaa. Familia moja ya Kipare inaweza kuwa na siku tatu za ibada na sufuria moja ya makande.

Wachungaji wa Kijerumani, kila mmoja na siku yake, walikuwa na jambo lao la yai. Mmoja alisema Jumapili, mwingine alisema Sabato, na waumini walivutwa huku na huku. Lakini sikiliza jambo la ajabu.

Katika Walutheri alikuwepo Jakob Janson Dannholz, mmisionari wa Mbaga. Mwaka 1916 kitabu chake kilitoka Leipzig kikieleza imani za Wasu, yaani sisi. Kinaitwa Im Banne des Geisterglaubens. Katika Wasabato alikuwepo Ernst Kotz. Mwaka 1922 kitabu chake kilitoka Hamburg, kikieleza mila na desturi za Wapare. Kinaitwa Im Banne der Furcht.

Umesikia? Im Banne, na Im Banne. Ni neno la Kijerumani linalokaa katikati ya kifungo na kurogwa: mtu aliyeshikwa na kitu asichoweza kujinasua nacho. Kwa Kiswahili chetu, cha kwanza tungekiita Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu, na cha pili Katika Kifungo cha Hofu. Wachungaji hawa wawili walitofautiana juu ya siku ya Mungu, lakini walipofika kwenye jina la kututaja sisi, walitumia neno moja. Sisi ni watu wa kifungo.

Sasa tujiulize swali la yule mzee wa kwenye basi: nani kasema, na alikuwa anamwambia nani? Vitabu hivi viliandikwa kwa Kijerumani. Mzee wa Mbaga aliyemweleza Dannholz habari za mizimu hakupata kukisoma kitabu kile. Msomaji wake alikuwa muumini wa Ujerumani, mama wa kanisani aliyetoa sadaka ili misheni iendelee. Na sadaka, msikilizaji wangu, haichangwi kwa kitabu chenye jina la Watu wa Mlimani Wanaoishi Vizuri Kiasi. Aliyeko gerezani huchangiwa. Aliyeko nyumbani kwake akila makande hachangiwi. Jina la kitabu lilikuwa mwito wa kapu la sadaka.

Sisemi kwamba walidanganya. Hapa nataka twende taratibu, kwa sababu kuna njia mbili za kukosea. Ya kwanza ni kuyapokea maneno ya wachungaji kama Injili ya pili. Ya pili ni kuyatupa yote kwa sababu walikuja na mkoloni.

Hofu ilikuwepo, na kuna mahali ilikuwa hofu ya kutisha kweli. Ukienda Mbaga leo utaoneshwa mwamba wa Malameni, na wenyeji watakusimulia habari za watoto waliopelekwa pale. Mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini, yule ambaye Waswahili humwita kigego, alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima. Bibi zetu walikagua fizi za wajukuu kwa mikono inayotetemeka. Mchungaji aliyesimama akasema mtoto huyu aachwe aishi alikuwa na haki, na aliokoa watoto. Mimi siwezi kulitetea jambo lile kwa jina la mila, na sidhani kuna mama wa Same anayeweza.

Lakini geuza upande wa pili. Huku kwetu kuna misitu midogo ya koo inayoitwa mpungi. Ukoo ulifanya matambiko humo. Hukati mti wa mpungi, huokoti hata kuni zilizoanguka, na aliyethubutu alitegemea balaa. Hiyo nayo ni hofu. Mchungaji aliona kifungo. Ila chini ya miti ile kulikuwa na chemchemi, na chini ya chemchemi kulikuwa na mfongo, mfereji wa kupeleka maji mashambani, na kwenye mfongo kulikuwa na ndiva, bwawa linalojazwa usiku ili maji yafunguliwe asubuhi na kugawiwa kwa zamu. Mwenye zamu ya leo alimwogopa mwenye zamu ya kesho, na wote wawili waliwaogopa wazee. Hofu ile ndiyo iliyopanga maji ya mlimani kabla hapajawa na bwana shamba wala kamati ya mazingira. Leo tunafanya semina za kulinda vyanzo vya maji, tunachapisha vipeperushi, tunaweka mabango. Mababu waliweka mizimu. Ukitembea mlimani ukaona kisitu kimoja cha miti mikubwa kimesimama katikati ya mashamba yaliyokwanguliwa, jua umefika mahali ambapo hofu ilifanya kazi yake.

Kwa hiyo hofu ilikuwa na nyuso mbili: moja iliua watoto, nyingine ilitunza maji. Jalada la kitabu lina nafasi ya uso mmoja tu. Mtu aliyeko Hamburg hakuwa na namna ya kujua kuna wa pili, labda asome kwa makini sana. Jirani wa Dannholz na Kotz huko Kilimanjaro, Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig vilevile, alichukua njia nyingine. Alitumia miaka mingi kuandika sheria na ukoo wa Wachagga, na mwaka 1926 akatoa kitabu kikubwa juu ya sheria zao, akiona ujirani na ukoo kuwa hazina. Basi si kwamba kila mchungaji wa Kijerumani lazima aone minyororo. Kila mmoja aliona alichokuja kukitafuta.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote katika habari hii.

Huyu Kotz, kabla ya kitabu chake cha kifungo, alikuwa ameandika kitabu kingine. Mwaka 1909, Berlin, ilitoka sarufi ya Chasu. Chasu, kwa wale ambao si wa huku, ndiyo lugha yetu. Wageni huiita Kipare. Alikuwa mgeni hapa, bado ana vumbi la safari miguuni, naye aliketi na watu wa kusini akawauliza: hiki mnakiitaje, na kikiwa kimoja, na vikiwa viwili, na jana, na kesho, na kama ningekuwa nimekwenda? Pale Mswahili anaposema watu, sisi tunasema vandu. Pale ambapo Mjerumani ana namna chache za kutaja wakati uliopita, sisi tuna ngazi ambazo humwacha mwanafunzi akikuna kichwa.

Fikiria basi. Ukiandika juu ya dini ya mtu unaweza kuijaza huruma na hukumu upendavyo. Ukiandika sarufi yake huwezi. Kitenzi hakiogopi mizimu. Ngeli haina kifungo. Lugha ina kanuni au haina, na yetu ilikuwa nazo, moja baada ya nyingine, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka zikajaza kitabu kizima kilichochapishwa katika mfululizo wa wataalamu wa lugha. Watu wanaosemwa wamefungwa na hofu ndio hao waliomsahihisha mchungaji kila alipokosea. Kila mfano katika sarufi ile ni Mpare aliyekaa kwenye kigoda akisema: hapana, hatusemi hivyo, tunasema hivi. Jina la jalada ni moja, la Kotz. Sauti zilizo ndani ni za wengi.

Na hapa ndipo mwaka 1922 unapokuja na mambo yake. Mwaka huohuo ambao Katika Kifungo cha Hofu kilitoka Hamburg, likatoka pia Agano Jipya kwa Chasu, na mfasiri ni yuleyule Kotz. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katikati. Waingereza waliteremka na reli ya Tanga mwaka 1916, wakavuka nchi yetu hii ya Same, na wamisionari wa Kijerumani wakapoteza vituo vyao. Lakini kazi ya kalamu ilinusurika. Basi ni mwandishi mmoja, mwaka mmoja, vifurushi viwili. Kimoja kinakwenda Ujerumani kwa Kijerumani, kikieleza habari za Wapare kwa watu wasiowahi kuwaona. Kingine kinakuja Upare kwa Chasu, kikimpa mama wa Suji maneno aliyoweza kuyasoma kwa sauti yake mwenyewe jikoni.

Nikiulizwa kipi kati ya hivyo viwili kimeishi, jibu langu halisiti. Kile cha Kijerumani kinasomwa na watafiti. Kile cha Chasu kilisomwa kwenye ibada, kwenye misiba, kwenye mahari, kikafundisha watu kusoma ambao baba zao hawakuwahi kushika penseli. Na haya maandishi ya lugha yetu hayakututaja kabisa. Hayakusema Wapare ni watu wa namna gani. Yalitupa herufi tu, akili tukaweka wenyewe.

Na tuliziwekea akili. Unaikumbuka Mbiru? Serikali ya kikoloni, wakati wa Vita ya Pili, ilileta kodi ya ziada iliyopandishwa kulingana na mali ya mtu, ikaitwa mbiru. Watu wakaikataa. Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika hapahapa Same, wakakaa. Hawakupiga mtu. Walikaa tu mbele ya serikali, wakidai kusikilizwa. Huko Usangi wanawake nao wakainuka, wakamwambia mkuu wa wilaya kwamba ama awarudishie waume zao, ama yeye mwenyewe afanye kazi ya waume hao. Mwaka 1947 kodi ile ikafutwa.

Watani wangesema ni kesi ya kuku. Na kweli, waliokaa Same walikuwa na mashamba nyuma yao yasiyolimwa. Walipoteza ng'ombe kwa ajili ya kodi ya kuku. Lakini mzee wa kwenye basi angekuuliza: nani kasema mali yangu ni kiasi gani? Hilo ndilo lililowapandisha hasira wazee wetu, kutathminiwa na mtu asiyewajua. Mchungaji wa Dublin mwaka 1724 angewaelewa vizuri sana. Shilingi au sarafu ya shaba, jambo ni lilelile: watu wa nchi ndogo wanakataa kupangiwa thamani na watu wa mbali. Na kizazi kile cha Mbiru kilikuwa kizazi kilichopita kwenye shule za misheni. Wachungaji walifundisha kusoma ili watu wasome Biblia. Watu walipomaliza Biblia wakasoma na karatasi ya kodi.

Hatimaye wakaja wenye kuandika. Isaria Kimambo, mwana wa milima hii aliyekuja kuwa profesa wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipita kwa wazee akawasikiliza, na mwaka 1969 akatoa historia ya siasa ya Wapare tangu karibu mwaka 1500 hadi 1900. Kwenye kitabu hicho mababu hawako kifungoni. Wanaanzisha tawala, wanafua chuma, wanagombana, wanahama, wanapatana. Mwaka 1971 akaiandika Mbiru yenyewe. Mwenzake Cuthbert Omari, msomi wa elimu ya jamii, aliandika juu ya Mungu na ibada katika jamii ya jadi ya Wasu. Alirudi kwenye uwanja uleule wa Dannholz na Kotz, ila pale walipoanza na mizimu, yeye alianza na Mungu. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1990 mjini Erlangen, Ujerumani. Kwangu mimi hiyo ni kama barua ya majibu iliyopelekwa kwenye anwani ileile ilikotoka barua ya kwanza, miaka sabini baadaye.

Hata upande wa pili nao ulisogea. Mwaka 1989 maandishi ya Dannholz yalitolewa upya kwa Kiingereza, yakifasiriwa na mtu aliyebeba jina la ukoo wake. Jina la toleo hilo halina tena kifungo. Lina maneno laana na baraka. Ni mlima uleule, na mchungaji yuleyule. Jalada limeongezewa neno moja, baraka, nalo limechukua zaidi ya miaka sabini kufika.

Basi tuvifanye nini vitabu hivi?

Nasema tuvisome, tena tuvisome kwa ukali wa Mpare kwenye kesi. Vina mambo ambayo hakuna aliye hai anayeyakumbuka: majina ya matambiko, taratibu za jando, desturi za mazishi, maneno ya Chasu ambayo mimi na wewe tumeyabadilisha na Kiswahili bila kujua. Mchungaji aliandika kwa ajili ya kapu la sadaka, lakini masikio yake yalikuwa wazi, na alichokisikia kilitoka kwa babu zetu. Ni mali yetu iliyowekwa kwenye ghala la mwingine kwa jina la mwingine. Anayekwenda kuidai haendi kuiba.

Wako vijana wa Same na Mwanga wanaosoma Kijerumani vyuoni. Ombi langu kwao ni jepesi kutamka, gumu kutenda: mtu mmoja achukue sura moja ya Kotz, aitie Kiswahili, au bora zaidi, aitie Chasu. Kisha aende nayo kijijini Mamba au Vunta, akae na bibi mmoja chini ya mwembe, amsomee. Halafu amwulize: bibi, ndivyo ilivyokuwa? Na bibi akisema hapana, hatukufanya hivyo, tulifanya hivi, basi aandike hapohapo pembeni. Hicho ndicho kitu ambacho vitabu vile havikupata katika miaka mia moja. Swift alisomwa Dublin na watu wa Dublin, wakamtukana au wakamficha kwa serikali. Dannholz na Kotz, katika vitabu vyao vya kifungo, nijuavyo mimi hawajawahi kusomwa mlimani na watu wa mlimani. Hawajawahi kuambiwa: mchungaji, hapa umesema kweli, na hapa ulituonea.

Huenda bibi atakubaliana nao mengi. Huenda ndiye mwenyewe atakayesema: hofu ilikuwepo, mwanangu, acha nikuambie habari za fizi za mdogo wangu. Na huenda dakika tano baadaye akakukaripia kwa kuokota kuni kwenye mpungi. Vyote viwili viandikwe, kwa mwandiko wetu, kwenye daftari letu.

Msikilizaji, muda wangu unayoyoma na fundi mitambo ananionesha saa. Nikikutana tena na yule kijana wa viti vya nyuma nitamwambia utani wake ni wa kweli. Ndiyo, Mpare anauza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Mwaka 1945 waliuza kwa maelfu, hapa Same, na kodi ikafutwa. Sasa kuna kesi nyingine iliyolala kwenye rafu ya vitabu huko Leipzig na Hamburg, ya nani aliandika jina letu kwenye jalada. Na ng'ombe wangu nimeshamfunga kamba.